Ukuta wa Chuma na Kisima cha Baba

Mama alitoka Newala, kule juu, ambako nyumba zilikuwa mlimani na maji yalikuwa bondeni, na mwanamke alitembea baina ya hivyo viwili maisha yake yote. Alipoposwa na kijana wa Masasi, mtoto wa watu wa biashara ndogo ndogo, wazee wa nyumbani kwao waliuliza juu ya ukoo wake na swala zake. Mama aliuliza jambo moja tu: je, kwao kuna kisima? Baba akajibu kwamba kipo. Hakikuwapo. Alikichimba baada ya posa kupokelewa, yeye na rafiki zake, na Mama aliposhuka akiwa bi harusi alikuta udongo wa kisima bado mbichi kando ya nyumba. Alipenda kutusimulia hayo Baba akiwapo, na Baba alijifanya hasikii.

Nilikuwa kidato cha kwanza Baba alipofariki barabarani, katika lori la korosho lililopinduka. Mama naye akaugua mwaka uliofuata. Tulimpeleka hospitali ya Ndanda, wauguzi wakamhangaikia kama ndugu yao, lakini tulirudi naye akiwa amefunikwa. Nyuma yangu walikuwapo wawili: mdogo wangu wa kike, na wa mwisho, wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza. Sikurudi shule. Hakuna aliyenikataza wala aliyenilazimisha. Asubuhi moja nilishika kamba ya kisima badala ya madaftari, siku ikaenda hivyo, na nyingine zikafuata.

Bibi yetu mzaa mama alishuka kutoka Newala na mkeka wake na kinu chake. Alisema atakaa mpaka arobaini ipite. Arobaini ikapita, akaomba mbegu za mchicha, nasi tukajua kuwa haondoki. Alimwita mdogo wangu wa kiume "mume wangu" na sisi wasichana "wake wenzangu", na kila tulipochoma ugali alitushtaki kwa mumewe, yule mtoto mwenyewe akiwa anacheza uchi uwanjani.

Kisima kilitulisha. Majirani walinunua maji kwetu, mafundi ujenzi walikuja na madumu yao kwenye baiskeli, na kwenye bustani ya nyuma tulipata mchicha na bamia za kupeleka sokoni. Bibi ndiye aliyekuwa msimamizi wa kila tone. Hakuweza kuona maji yakimwagwa. Yaliyooshea mchele yalikwenda kwa kuku, ya kunawia yalikwenda kwenye mgomba, na yaliyobaki katika kata baada ya mtu kunywa yalirudishwa mtungini. Mgeni aliyemwaga masalio ya kata chini alitazamwa kama mtu aliyetema mate msikitini. "Maji hayatupwi," alikuwa akisema. "Maji yanarudishwa." Huko alikokulia, ukimkuta mtu njiani anapanda na ndoo kichwani, humsalimii mpaka amefika, maana akigeuza shingo kukuitikia, yatamwagika.

Miaka ikapita, kisha harufu ikaanza polepole. Ilikuwa tamu, kama tunda lililoiva kupita kiasi likachanganyika na rangi ya milango. Ukichota asubuhi hukuisikia sana, lakini ukiyachemsha na kufunua sufuria, ilikupanda puani na kichwa kikawa chepesi. Mwanzoni tulidhani ni mafuta ya kapi la kamba. Jirani mmoja akadokeza kwamba huenda tumetupiwa kitu na mwenye wivu. Fundi ujenzi mmoja wa makamo, mteja wetu wa zamani, ndiye aliyeinusa ndoo, akainusa tena, kisha akasema harufu ile anaijua. Ujanani alifanya kazi kwenye karakana ya mashine za kubangua korosho, juu kidogo ya kiwanja chetu. Walikuwa na dawa ya kuoshea vyuma vyenye grisi. Ilikuwa nyepesi kama maji, ikikauka mara moja, na iliyochakaa waliimwaga katika shimo nyuma ya karakana. Karakana yenyewe ilikwisha kufa zamani. Sakafu na lile shimo ndivyo vilivyosalia, na mwenye karakana hakuna aliyejua alikoelekea.

Watu wa maji wakaja wakachukua sampuli. Waliporudi walikuja na watu wa chuo kutoka Dar es Salaam, wakatuambia kwa upole kwamba kisima chetu kina sumu, tusinywe, tusiuze, tusimwagilie. Wakaweka ubao juu yake na kuupigilia misumari. Bibi alisimama akatazama kazi ile mpaka mwisho.

"Wamekifunga taya," alisema, "kama maiti."

Sasa tulinunua maji sisi. Nilianza kupika chapati na maharage kwa ajili ya mafundi wa barabarani, na bustani ikakauka.

Mjomba wetu, kaka yake Mama, alipata habari akashuka. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye watoto. Hilo halikuwa jambo la kubishania, na wala yeye hakuwa mtu mbaya. Ana mikorosho yake Newala, ana nyumba ya bati na tangi la saruji la kukinga mvua, na tangu msiba hakuacha kutuletea muhogo na mbaazi. Alikaa barazani, akaitikia shikamoo zetu mmoja mmoja, akanywa chai ya maji ya kununua, kisha akasema alilokuja kulisema. Kisima ndicho kilichokuwa baba wa nyumba hii baada ya baba. Kama kimekufa, watoto hawawezi kulelewa kwa chapati za barabarani. Atawachukua hawa wawili wadogo, wahamie shule za kule. Mimi ni mtu mzima, nitachagua mwenyewe.

Nikamwomba asubiri, kwa sababu watu wa chuo wamesema watajaribu kuyasafisha maji.

"Maji yaliyo chini ya ardhi utayasafishaje, mwanangu? Utashuka na ufagio?"

Nikasema tu kwamba naomba asubiri. Aliangalia watoto, akamwangalia mama yake, ambaye alikuwa anaangalia pembeni. Mwisho akasema atangoja mpaka korosho za msimu wa mwaka unaofuata ziuzwe na shule zifungwe. Kisima kikiwa bado kimefungwa, atakuja kuwachukua, nami nisimlilie.

Mwaka huo unaofuata ndio ambao mdogo wangu wa kike angekuwa kidato cha pili, pale pale nilipoishia mimi. Sikumwambia mtu kwa nini jambo hilo lilinikosesha raha. Nilitaka tu kumwona akivuka, akitokea katika nyumba hii.

Aliyeletwa kusimamia kazi alikuwa mtaalamu wa kike wa rika langu, amevaa suruali na mabuti na mtandio kichwani. Bibi alimuuliza siku ya kwanza kama ana mume, na alipojibu kuwa bado, Bibi akasema si ajabu, mwanamume gani atapigana na mabuti yale. Mtaalamu akacheka, na tangu hapo wakawa watani.

Baina ya karakana na kisima chetu, vijana wa mtaa wakachimba handaki refu, wakishuka mpaka majembe yakagonga mwamba. Mimi niliwapikia, na nilipokuwa sina sufuria jikoni nilichimba nao. Handaki likajazwa mchanga uliochanganywa na vumbi la chuma, jeusi, zito, lililofika katika mapipa yaliyofungwa kwa sababu halitakiwi kupigwa na hewa. Ukuta ule haukuzuia maji. Maji yalipita katikati yake kwa taratibu zake, kama siku zote yalivyotoka kwenye karakana kuja kwetu, ila sasa yalilazimika kupita kwenye chuma. Baadaye wakafukia kwa udongo, ikabaki alama ya ardhi mpya tu, na mabomba membamba yenye vifuniko yakichungulia juu: moja upande wa juu wa ukuta, kuelekea karakana, jingine upande wa chini, karibu na kisima.

Watu wa mtaa hawakutuacha. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akila chapati kwangu alinisimamisha njiani akaniuliza, "Dada, mmepanda misumari. Mtavuna nini, mabati?"

Mtaalamu aliniajiri kuangalia mabomba. Alinifundisha kupima kina cha maji kwa utepe na kutoa sampuli. Jambo alilolisisitiza ni kwamba maji yaliyolala ndani ya bomba hayasemi kweli. Lazima uyavute kwanza, uyaweke kwenye pipa la buluu, uvute mpaka yaje mapya kutoka ardhini, ndipo ujaze chupa, uifunge bila kubakiza hata povu moja la hewa. Yale ya kwenye pipa gari lilikuja kuyachukua wakayasafishe kwingine.

Nilikuwa mtu wa kuuliza. Mchana mmoja tulipopumzika nilimtaka anieleze chuma kinafanya nini huko chini. Alisema dawa ile ya karakana imeundwa na kaboni iliyoshikamana na klorini tatu, na ubaya wake unatokana na hizo klorini. Chuma kikiwa majini huzing'oa, nazo zikabaki kama chumvi ya kawaida. Ila chuma peke yake ni mvivu. Kinaweza kung'oa mbili kikaacha moja, na hiyo iliyobaki na moja ni sumu mbaya kuliko ya mwanzo. Ndiyo sababu vumbi lile limepakwa chembe chache sana za madini mengine ya thamani, yanaitwa paladi. Hayo ndiyo kichocheo. Yenyewe hayaliki wala hayageuki. Yanakaa pale tu, na kwa kuwapo kwake kazi inakwenda upesi na inafika mwisho.

"Kama mshenga," nikasema. "Haoi yeye, lakini bila yeye ndoa haifungwi."

Mtaalamu alifurahi, akasema mfano huo atakwenda nao chuoni. Bibi alikuwa mlangoni anachambua mchele, tukidhani hasikilizi.

"Mshenga gani anayeachanisha watu?" akasema. "Huyo ni kadhi. Na kama klorini ni tatu, basi iwe talaka tatu. Msiniletee talaka rejea kwenye kisima cha mkwe wangu."

Kuanzia siku hiyo, nyumbani kwetu ukuta ule uliitwa Kadhi.

Siku nyingine nilimuuliza mtaalamu lile nililokuwa nikiliogopa, kama ni maji yale yaliyomuua Mama. Alisema hajui, na hakuna atakayejua, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyeyapima. Akasema angeweza kuniambia hapana ili nilale vizuri, lakini nikija kugundua kuwa alinidanganya sitaamini tena namba zake za kisima. Nilimshukuru. Nilikwenda nikapepeta unga kwa muda mrefu kuliko unga ulivyohitaji, kisha nikarudi kazini.

Msimu wa korosho ukapita, mvua zikaja zikaondoka, muhogo ukachimbwa. Bomba la chini lilianza kuonyesha nafuu, mtaalamu akanipigia simu kuniambia. Halafu katika kiangazi, wakati wa mbaazi, badala ya kupiga simu akaja mwenyewe. Nilipoona ameteremka kwenye gari bila kasha la chupa nilijua si heri.

Tuliketi mkekani. Alisema bomba la chini limechafuka tena, na si kidogo. Limekuwa kama lile la juu, kana kwamba ukuta haupo. Wakubwa wake wamesema chuma kimechoka mapema au kilipigwa na hewa siku ya kumwagwa, na kwa vyovyote vile hakuna fedha ya kujenga mwingine. Wamemtuma aje ang'oe mabomba. Kisima kitajazwa mawe na zege ili mtoto asije akatumbukia.

Alisema yote hayo akiwa anaangalia mikono yake. Mimi nilikuwa namwona Mjomba akishuka kwenye basi, na mdogo wangu akifunga vitabu vyake. Nilimuuliza kama hakuna namna. Alikuwa bado ana jambo linalomsumbua, akalisema kama mtu anayejisemea.

"Maji yaliyopita kwenye chuma yana alama zake. Hewa inakuwa imekwisha ndani yake, chumvi imeongezeka. Haya ya bomba la chini hayana alama hata moja. Haya ni maji ya juu kabisa. Yamefika chini bila kupita ukutani, na sielewi yamerukaje."

Bibi alikuwa mlangoni na ungo wake, anamenya mbaazi. Hakuinua kichwa.

"Hayakuruka," alisema. "Niliyabeba."

Tukageuka wote wawili.

Akatueleza bila wasiwasi wowote. Alikuwa akiona pipa la buluu limejaa maji, meupe, mengi, na gari linakuja linayapakia kama magunia ya korosho kwenda kusikojulikana. Maji ya kisima cha mkwe wake. Aliambiwa asiyanywe, hakuyanywa. Aliambiwa asiwape kuku, hakuwapa. Asimwagilie mchicha, hakumwagilia. Lakini hakuna mtu aliyemwambia asiyarudishe. Basi kila nilipokwenda kuuza chapati, alichota ndoo moja pipani, akafungua kifuniko cha bomba lililo karibu na kisima, akayarudisha pole pole kwa kata, yapate njia ya kwenda nyumbani.

Mtaalamu alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Alipoufunua, machozi yalikuwapo kweli, lakini ya kicheko.

"Bibi," alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nimekosa nini?"

Ilibidi nimweleze mimi, kwa Kimakonde, maana nilitaka afahamu kila neno. Nilimwambia kwamba maji aliyorudisha yalikuwa ya bomba la juu, hayajapita kwa Kadhi. Mkono wake ukazama katika mbaazi, ukabaki humo. Nilimjua. Kwake yeye hili halikuwa la mzaha tena. Halafu akasema kwa Kiswahili, akimwelekea mtaalamu, kwamba kama tatizo ni hilo, mbona dawa yake iko wazi. Yarudishwe, lakini yarudishwe kule juu, yaanze safari upya, yapite kwa Kadhi kama wenzake.

Mtaalamu aliacha kucheka. Alifikiri. Alisema kwa kweli hakuna kinachokataza, ilimradi bomba la juu ndilo linaloyapokea. Gari litakuwa halina safari, na pipa halitakaa kumtesa mtu macho.

Lakini wakubwa wake hawakuwa wamemsikia Bibi, na alijua kwamba habari ya ajuza na kata haitapokelewa kwa urahisi. Alipiga simu akiwa amesimama chini ya mkorosho, sisi tukisikia upande mmoja tu wa maneno. Alieleza juu ya alama za chumvi na hewa. Alieleza mara ya pili. Kisha tukamsikia akisema, kwa sauti iliyotulia, kwamba katika kupanga kazi walifikiria juu ya mwamba na mchanga na mvua, lakini hawakuuliza watu wa nyumba hii maji huwa wanayafanyaje, na kosa hilo ni lao. Aliporudi mkekani alisema tumepewa nafasi moja. Mabomba yatavutwa vizuri, yaachwe yatulie, na kabla ya mvua vipimo vya mwisho vitachukuliwa. Vikiwa vibaya, zege.

Akaweka kufuli kwenye vifuniko. Hakukuwa na haja. Bibi mwenyewe alihamishia mkeka wake upande ule, na kuku aliyethubutu kupita karibu na bomba alirushiwa kigunzi. Nilivuta maji kwa pampu ya mkono mpaka mabega yakaniuma, tukayabeba mimi na yeye kwenda bomba la juu. Kila ndoo iliyomiminwa aliisindikiza kwa Bismillahi.

Sampuli zilichukuliwa mabibo ya mwisho yakioza chini ya mikorosho. Mtaalamu aliondoka na kasha lake la barafu, na kabla majibu hayajaja, shule zikafungwa na Mjomba akafika.

Alitimiza ahadi yake kama nilivyojua atatimiza. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya kata, na alipomtazama mama yake, Bibi alimwambia asimtazame hivyo, kwani yeye mwenyewe alilelewa kwa masalio ya kata. Alikubali kukaa siku chache kungoja simu. Hakukaa bure. Alipanda juu ya nyumba akawa anaziba matundu ya bati, maana mvua zilikuwa zinakaribia na paa letu lilikuwa likivuja tangu Baba alipoondoka. Ndani, mdogo wangu wa kike alikuwa amefunga begi lake bila kuambiwa. Nilipolinyanyua kufagia chini yake, nikahisi uzito wa vitabu, na kwenye zipu iliyokataa kufungika lilichungulia pindo la sare ya shule. Alikuwa amepakia kila kitu. Hakuwa amelia mbele yangu, na mimi sikulia mbele yake.

Simu ilikuja Mjomba akiwa juu ya paa. Nilifungua sauti ili wote wasikie. Mtaalamu alitusalimia mmoja mmoja, kwa adabu iliyoniudhi siku hiyo kwa mara ya kwanza, kisha akasema. Katika bomba la chini wameitafuta ile dawa, na hawakuiona. Wamerudia, hawakuiona. Ukuta unafanya kazi. Kisima chenyewe bado kina masalio, kwa sababu kuna maji ya zamani yaliyotangulia kabla ya ukuta kujengwa, lakini nayo yanapungua na hayana mengine ya kuyaongezea. Watu wa maji wamekubali kifunguliwe kwa kujengea na kufulia. Kunywa na bustani bado.

Mjomba aliuliza kutoka juu, nyundo mkononi, "Kunywa lini?"

"Siwezi kukuahidi tarehe, baba," sauti ya mtaalamu ilijibu. "Ninachoweza kukuahidi ni upande yanakoelekea."

Simu ikakatika. Mjomba alipigilia msumari aliokuwa ameuanza, akashuka ngazi, akanawa mikono. Nilimwandalia chakula. Alikula taratibu. Alimuuliza mdogo wangu wa kike kidato cha tatu atasoma masomo gani, naye akayataja yote kwa sauti ndogo. Akamuuliza wa kiume kama anamsaidia dada yake kuvuta maji, akajibiwa kwamba yeye ni mume wa Bibi na waume hawavuti maji. Mjomba akasonya, lakini alikuwa anatabasamu.

"Sisi kule Newala hatuna shida hii ya maji machafu," akasema mwisho.

Bibi akamuuliza kwa nini.

"Hatuna maji."

Alicheka mwenyewe kwanza. Tulipotulia akasema kwamba amefikiri. Alikuja akiamini nyumba hii imekwisha, ameikuta inahangaika lakini iko hai. Nyumba iliyo hai haivunjwi. Fundi atakayekuja na dumu lake kwa ajili ya saruji atailisha, si kama zamani, lakini itakula, na yeye ataongezea. Watoto hawa wana mjomba Newala na wana dada Masasi. Likizo watapanda, wajue mikorosho ya kwao. Shule zikifunguliwa watashuka.

"Na wewe," akaniambia, "usinishukuru. Mwaka mzima sikulala vizuri kwa ajili ya hili jambo."

Sikumshukuru. Niliondoa vyombo.

Mdogo wangu wa kike alikwenda ndani. Nilimfuata baada ya muda, nikamkuta amepiga magoti mbele ya begi lake. Alitoa vitabu, akavipanga juu ya sanduku. Akatoa sare, sketi na blauzi, akazikung'uta, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Blauzi ilikuwa na doa la wino. Akaniuliza kama litatoka. Nikasema tutaona. Akabakiza kwenye begi magauni mawili na kanga, na mara hii zipu ikafunga bila taabu.

Walipanda basi asubuhi, wote watatu, yule wa kiume akiwa dirishani tayari amekwisha kusahau kutupungia. Nilirudi nyumbani nikang'oa misumari ya kisima, nikashusha ndoo, na kamba ikanikumbusha ilivyo nzito. Nilifua sare. Doa lilipauka, halikutoka lote. Nilizianika, zikakauka kabla ya adhuhuri, nikazipiga pasi na kuziweka sandukuni, shule zikifunguliwa azikute.